Mama Fundi na Nane Isiyotulia

Wiki ile nzima sikulala vizuri kwa sababu ya namba nane. Si saa nane wala watu wanane. Ni nane yenyewe, ile inayochorwa kwa vijiti saba vyekundu vya taa kwenye uso wa kipimajoto nilichokiunda kwa mikono yangu. Ilikuwa ikitokea, inakaa kidogo, halafu inageuka tano. Kisha inarudi. Nikawa najiuliza kama ni maji ya kwenye glasi yanayopanda na kushuka joto kama mgonjwa wa malaria, au ni kipimajoto changu kinachosema uongo. Na kama ni kipimajoto, basi mmoja kati ya watu wawili alikuwa amekosea: mimi au Mama Fundi. Kwangu mimi kukosea si habari. Mimi hukosea kabla ya chai ya asubuhi. Lakini Mama Fundi alikuwa amekisikiliza, akafumba macho, akasema, "Kimetulia." Na Kariakoo nzima ilijua kwamba kitu alichokisema Mama Fundi kimetulia, kimetulia.

Kwa hiyo siwezi kueleza nilichokifanya Jumatatu kabla sijaeleza yeye ni mtu wa namna gani.

Simtaji jina kwa sababu sijawahi kusikia mtu akimwita jina. Bango la duka lilikuwa la marehemu mume wake, na jua lilikwisha kulifuta likabaki na picha ya redio tu. Wahindu wenzake waliokuja kutoka Kisutu walimwita dada kwa lugha yao. Wateja walimwita Mama Fundi. Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyetaka kila mtu awe ndugu, alimwita Ndugu Fundi, naye kila mara aligeuka nyuma kutazama huyo ndugu amesimama wapi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja Mtaa wa Mkunguni, lina fundi cherehani upande huu na muuza kanga upande ule. Nilifika hapo mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nimebeba redio ya baba kichwani kama ndoo ya maji. Baba aliteremka kutoka Kilimanjaro kuja kuuza vitunguu kwa jumla, na redio ile ndiyo kitu pekee alichokipenda kuliko vitunguu. Nilipoitua nikasema, "Shikamoo. Baba anasema redio imekufa."

"Marahaba. Kwanza mrudie baba yako umwambie akome kuua vitu. Imelala."

Hilo lilikuwa neno lake. Redio iliyoanguka kutoka ghorofani, redio iliyonyeshewa, redio iliyokaliwa na mbuzi, zote zilikuwa zimelala. Nyingine zililala miaka mitatu kwenye rafu yake ya juu, na ukimwuliza atakwambia, "Acha kelele, utaiamsha vibaya."

Alivaa sari nyepesi zisizo na marembo, na juu ya sari aproni ya kaki aliyoishona mwenyewe, yenye mfuko mmoja upande wa kushoto. Nilichelewa miaka kujua kwamba mfuko ule haukuwa wa kuwekea vitu. Ulikuwa wa kuwekea mkono. Alipofungua redio inayokula umeme wa ukutani, mkono wa kushoto uliingia mfukoni ukakaa humo kama mtoto aliyeambiwa atulie, na wa kulia peke yake ndio ulioingia kwenye hatari. "Umeme ukikushika mikono miwili unapita kifuani," alisema. "Mpe mmoja tu, akose njia."

Basi ungedhani mtu huyo haogopi kitu. Lakini wingu la kwanza likitokea upande wa Kivukoni, kabla hata halijanguruma, alikuwa amekwisha kuchomoa kila waya ukutani, amekaa juu ya kigoda, miguu yote miwili juu ya kreti la soda, anasubiri. Wateja walimcheka. Alinyoosha kidole kwenye swichi ya ukutani, akasema, "Huyu tunafahamiana." Kisha akanyoosha juu. "Yule sijatambulishwa naye."

Hakula nyama wala samaki maisha yake yote, lakini alijua bei ya changu na kolekole kuliko mpishi yeyote wa mjini, kwa sababu wanadi wa samaki wa Feri walimletea vipaza sauti vyao. Vile vipaza sauti vilinuka mpaka fundi cherehani alihamishia mashine yake barabarani. Yeye aliwasha ubani, akajifunga mtandio puani, akavipokea kama wagonjwa wengine. Mnadi mmoja, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi, alikuja akilalamika kwamba kipaza sauti chake kina husuda. "Nikiongea polepole kinasikika. Nikifika kwenye bei nikapaza, kinakata. Kinanikata kwenye bei, Mama Fundi, pale pale kwenye riziki."

"Sema bei."

Mnadi akavuta pumzi, akapiga bei ya pweza iliyosikika mpaka Msimbazi, na kipaza sauti kikakata.

"Sasa sema jina la mama mkwe wako."

Mnadi akaliingiza jina lile polepole, kwa adabu zote, na kipaza sauti kikalitoa vizuri kabisa.

"Hakina husuda," akasema Mama Fundi. "Ukipiga kelele kinakunywa umeme mwingi kwa mara moja, na waya wake mwembamba, umeoza kwa chumvi. Hauleti kwa haraka. Kikikosa umeme kinazimia. Ama nikubadilishie waya, ama uwe unauza samaki kwa heshima kama unavyomsema mkweo."

Mnadi aliondoka na waya mpya. Nakumbuka nilicheka mpaka nikaketi chini. Sikujua kwamba pale nilikuwa nimefundishwa somo zima ambalo baadaye chuo kikuu kilinifundisha kwa muhula mzima, na nikalisahau mara mbili.

Kitu chake cha ajabu zaidi kilikuwa kipande cha simu. Mafundi wengine wote wa Kariakoo walipima umeme kwa mita ya sindano. Yeye pia alikuwa na mita, tena nzuri ya Kijerumani, lakini aliitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Alichokiamini ni kile kipande cha kusikilizia cha simu ya zamani, kimefungwa waya mbili, na kwenye waya mmoja amelehemu kapasita. Kapasita ile ilizuia umeme uliosimama na kuruhusu ule unaotetemeka tu upite. Aligusisha waya zile kwenye betri au kwenye mguu wa transista, akaweka kipande sikioni, akafumba macho. Umeme uliotulia hauna sauti. Ukisikia kitu, kuna mtu ndani anauvuta na kuuachia.

"Na mita je?" nilimwuliza siku moja nikiwa sekondari.

"Sindano ni mzee wa baraza. Mwulize habari za nyumbani, atakwambia salama. Nenda ndani sasa, utakuta wanarushiana sufuria."

Ni yeye aliyenifanya nisomee umeme, ingawa yeye alikana. Siku niliyopata nafasi ya kwenda chuo alisema, "Mimi nilikwambia usome hesabu ukauze vitunguu vizuri." Siku niliyohitimu alinunua maandazi akawagawia wapagazi na vijana wa mikokoteni wote wa mtaa, akiwaambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha injinia huyu mwanamke. Kisha akaniuliza, mbele yao, waya mwekundu ni upi. Wapagazi walikaa upande wake.

Sasa nije kwenye kipimajoto. Nilipangiwa kazi kwenye karakana ya shirika moja la umma, kule mjini nyuma ya Posta, chini ya mtu tuliyemwita Ndugu Mkuu. Mwaka huo vitu vilikuwa adimu. Watu walipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya betri, na foleni nyingine walipanga kwanza halafu ndipo wakauliza ni ya nini. Ndugu Mkuu alitaka tuonyeshe kwamba tunaweza kujitegemea. Akanipa sanduku la vidude vyeusi vyenye miguu kama jongoo, zawadi ya wageni fulani waliopita, akasema nitengeneze kipimajoto cha kusafiri na masanduku ya chanjo kwenda zahanati za vijijini. Kiwe na namba zinazowaka hata gizani. Kitumie betri nne za tochi.

Chanjo ikivuka nyuzi nane inaharibika. Ukiitazama huwezi kujua. Inabaki maji yale yale ndani ya chupa ile ile, na mama anatembea asubuhi nzima na mtoto mgongoni kuja kuchomwa maji. Hilo nililifikiria kila siku. Mimi nikianza kufikiria kitu siachi. Nilimfikiria yule mama mpaka nikampa jina na rangi ya kanga.

Ndani ya kipimajoto kulikuwa na wapangaji wa aina mbili. Kulikuwa na sehemu inayosikia joto, mpole sana, inayofanya kazi kwa umeme mdogo kiasi cha mnong'ono. Na kulikuwa na sehemu inayohesabu na kuwasha namba, yenye fujo, inayowasha na kuzima taa mara nyingi kwa sekunde. Wote wanakula umeme wa betri zile zile. Nilichora saketi yangu kama vitabu vinavyochora, na vitabu, sijui kwa nini, havichori waya za umeme. Vinachukulia kwamba umeme upo tu, kama hewa. Nikachukulia hivyo na mimi. Nikapima kwa mita ya karakana, sindano ikasimama kwenye volti sita imara kama askari. Lakini namba zilicheza. Nne ikawa tano, tano ikawa tatu, na ilipofika nane ilikuwa ngoma.

Nikakipeleka Mkunguni nimekifunga kwenye kitenge.

Mama Fundi alikitazama muda mrefu. Hakuwahi kuona kitu chenye namba za taa, na hakuzipenda. "Namba ni maneno ya watu," alisema. Akamimina chai kwenye kisahani, akainywa kutoka humo, kisha akaniuliza swali ambalo nilidhani ni la kunitania. "Nyumbani kwenu mabomba ya maji ni mangapi?"

"Moja linaingia, Mama. Linagawanyika. Moja uani, moja bafuni."

"Ukiwa bafuni, Mama Chausiku akifungua la uani kujaza pipa?"

Mama Chausiku ni mpangaji mwenzetu, anafua nguo za watu, na hufungua bomba kwa nguvu zake zote. Nilimweleza Mama Fundi kwamba ndiyo kwanza asubuhi ile nilikuwa nimejipaka sabuni kichwa kizima, uso wote, maji yakageuka uzi, uzi ukawa matone, nami nikabaki natafuta mlango kwa kupapasa huku nikimsihi Mama Chausiku, naye akinijibu kwamba serikali ndiyo iliyokata maji.

Alicheka akaficha uso kwenye kiwiko, kama alivyocheka siku zote. "Na mtu anayepima maji pale barabarani, kwenye bomba kubwa, atasema maji yapo?"

"Atasema yapo."

"Huyo ni mita yako. Sasa wenzako wasio na digrii wanaingiaje bafuni?"

"Na ndoo," nikasema, na hapo hapo nikaona aibu na furaha vikinipanda kwa pamoja.

"Na ndoo. Wanaijaza wakati bomba ni zuri, wanaiweka karibu na mkono. Mama Chausiku akivuta, wao wanachota kwenye ndoo. Akiacha, ndoo inajaa tena. Kila mpangaji wako humu ndani mpe ndoo yake, miguuni pake. Ndoo iliyo mbali si ndoo, dikri." Aliniita dikri, yaani binti kwa lugha ya kwao, mara chache tu, aliponihurumia. "Na maji machafu ya Mama Chausiku yasipite mlangoni kwa mpole wako. Kila mmoja awe na mfereji wake mpaka kwenye karo. Wakutane karoni tu."

Ndoo ni kapasita, inayoweka akiba ya umeme. Mfereji ni waya unaorudisha umeme kwenye betri. Hakuna zaidi. Nilitembea kurudi nyumbani nikicheka peke yangu, muuza miwa akahamia upande wa pili wa barabara.

Basi mtu mwenye akili angefanya alivyoambiwa. Mimi nilikaa siku tatu nikipiga hesabu. Kibao changu kilikuwa kimejaa, hapakuwa na nafasi ya ndoo ndogo ndogo kila mlango bila kulehemua nusu ya kazi, tena mbele ya Ndugu Mkuu aliyekuwa akipita kila saa kuuliza kama tayari. Hesabu zikanionyesha kwamba ndoo ndogo saba ni sawa na pipa moja kubwa. Nikatafuta kapasita kubwa kuliko zote karakana nzima, yenye unene wa dole gumba, nikaiweka pale penye nafasi, karibu na betri. Namba zikatulia. Angalau tatu na nne zilitulia.

Nikakirudisha kwa Mama Fundi. Akagusisha waya, akaweka kipande cha simu sikio la kulia. Akakihamishia la kushoto. Akarudi la kulia. "Kimetulia," alisema.

Nilifurahi hata sikuomba kusikiliza mwenyewe. Kila mara alinipa kipande kile na mimi nisikie. Siku ile hakunipa, na sikuona.

Vitu vingine pia sikuviona, au niliviona nikavifikiria vibaya. Alikuwa ameanza kulalamika kwamba Kariakoo ina kelele kuliko zamani. Alikuwa akitazama midomo ya wateja, nikadhani amekuwa mkali. Mwezi huo huo kijana wa mkokoteni alipiga mluzi nyuma yake na kupiga kelele, "Mguu, Mama, mguu," naye hakugeuka mpaka gunia la viazi lilipomgusa kiwiko. Akamfokea kijana kwamba siku hizi hawana adabu ya kutoa sauti. Mtu huyu aliwaambia watu ukweli kuhusu redio zao hata wakilia. Kuhusu masikio yake alikuwa akisema salama, kama sindano.

Kamati ikaja karakana. Nilichovya kipimajoto kwenye maji yenye barafu, betri mpya kabisa, kikasema nne, kikang'ang'ania nne. Watu wakapiga makofi. Ndugu Mkuu aliniita Ndugu Injinia kwa mara ya kwanza. Nikaunda vingine viwili vinavyofanana, pipa getini, na ikaamuliwa vyote vitatu viondoke Jumatatu na Landrova ya chanjo.

Halafu nikachukua kimoja kwenda nacho nyumbani, betri zikiwa zimechoka kidogo, nikakiweka kwenye glasi ya maji ya mtungini niliyoyapoza kwa barafu. Nane. Tano. Nane. Tano. Wiki nzima.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Mkunguni na kipimajoto na chupa ya chai yenye barafu.

"Shikamoo, Mama Fundi."

Hakuitika mpaka nilipoingia mbele yake. "Marahaba. Mbona umekonda? Nani kakukataa?"

"Hakuna, Mama. Kipimajoto. Kikifika nane hakikai."

Alinitazama midomo, akaitazama mashine. Kisha akachukua kipande cha simu, akagusisha waya, sikio la kulia, sikio la kushoto. Nje wapagazi walikuwa wakitupiana maneno juu ya gunia la dagaa. Aliweka kipande mezani taratibu.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Kwa hiyo ama kimetulia, ama ni mimi."

Nilianza kusema kwamba kelele za barabarani ni nyingi, na ni kweli ni nyingi.

"Usinifundishe uongo wangu," akasema. "Nimeutumia mwaka mzima, naujua vizuri. Ile siku nilisema kimetulia kwa sababu nilisikia kimya. Kimya chenyewe ndicho nilichonacho siku hizi." Akanisukumia kipande. "Sikiliza wewe."

Nikaweka sikioni. Mwanzo kulikuwa na mvumo mdogo, kama nyuki mmoja ndani ya kopo. Nikachovya kihisi, ile sehemu inayosikia joto, kwenye barafu niliyokuja nayo, kisha nikakishika kwa vidole ili joto lipande. Tano, sita, saba. Ilipowaka nane, vijiti vyote saba kwa pamoja, nyuki wakajaa kopo zima. Nikashtuka nikaondoa sikio.

"Wapo?"

"Wapo, Mama, nyuki wengi."

"Wanavuma wakati gani?"

"Nane ikiwaka."

Alipiga meza kwa kiganja, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuitegemea hata kidogo, kama mtu aliyesikia mwenyewe. Akakifungua kipimajoto, akaiona ile kapasita yangu kubwa karibu na betri. Akaigusa kwa kijiti cha mianzi anachogongea vitu. "Hii ni nini?"

"Pipa," nikasema kwa sauti ndogo. Halafu nikakumbuka, nikasema kwa sauti kubwa. "Pipa, Mama. Liko getini."

"Na mpole wako yuko wapi?"

"Bafuni."

"Na sabuni?"

"Machoni."

Alicheka, kiwiko usoni, mabega yanaruka, mpaka fundi cherehani akachungulia kuuliza nani ameolewa. Mimi pia nilicheka, ingawa mara moja nilikuwa nimeanza kufikiria Jumatatu: Ndugu Mkuu, kamati, karatasi zilizokwisha kutiwa sahihi, na swali la nani aliyekagua. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba nikisema ukweli wataniuliza kwa nini kazi ya shirika ilikaguliwa na mama mmoja wa Kariakoo kwa sikio.

"Waambie sikusikia," alisema. "Ni kweli. Mimi sina kazi watakayoniachisha."

Akainuka, akachukua kopo la biskuti kutoka rafu ya juu. Lilijaa kapasita ndogo ndogo, za njano, za kahawia, zilizotolewa miguuni pa redio zilizolala moja kwa moja. Akanimwagia kiganjani, akahesabu kwa macho wapangaji wangu, akaongeza mbili. Kisha akaviringisha waya za kile kipande cha simu, akaniwekea juu yake.

"Hiki utanirudishia?" alisema. "Wala usinirudishie. Uwe unakuja nacho. Nikitaka kusikia kitu, nitakuuliza."

Jumapili nilipanga majibu kumi na moja ya kumpa Ndugu Mkuu. Moja lilikuwa la ugonjwa. Moja lilikuwa kuiacha Landrova iondoke na kuomba Mungu betri zisichoke. Majibu mengi yalikuwa mazuri, na kila moja lilimtaja Mama Fundi mahali fulani.

Jumatatu saa mbili Landrova ilikuwa imekwisha kupakiwa. Nilifungua mlango wa nyuma, nikashusha vipimajoto viwili, nikavipanga juu ya benchi langu pamoja na kile cha tatu nilichotoka nacho nyumbani. Dereva alinitazama mkate ukiwa mdomoni.

"Dada, mimi nina karatasi ya kuondoka saa tatu."

"Ondoka nayo, kaka. Chukua vile vya kioo vya zamani, viko kabatini."

Ndugu Mkuu alitoka ofisini. "Ndugu Injinia, hivyo vimepitishwa na kamati."

"Kamati iliona nne, Ndugu Mkuu. Nne ina vijiti vinne. Ikifika nane inawasha saba, umeme unaporomoka, na kinasema tano. Chanjo itakuwa inaharibika, na kinasema tano."

Akavitazama vile vitatu juu ya benchi. "Nani alikikagua?"

Majibu yote kumi na moja yalinijia kwa pamoja, yakasongamana mlangoni.

"Mimi," nikasema. "Na sikusikiliza."

Nikamkabidhi kipande cha simu. Alikigeuza geuza, akakiweka sikioni kwa shaka, kama mtu aliyepigiwa simu na asiyemjua. Nikagusisha waya kwenye kile cha nyumbani, chenye betri zilizochoka. Nikachovya kihisi kwenye maji ya barafu, kisha nikakishika kwa vidole. Tano, sita, saba. Nane ilipowaka nilimwona akifumba macho.

"Hii sauti ni ya nini?"

"Ni ya mtu aliye bafuni," nikamwambia, "mwenye sabuni machoni."

Akasubiri maelezo. Nikachukua bisibisi, nikaingiza mkono wa kushoto mfukoni, ingawa kwa volti sita hapakuwa na haja, nikafungua skrubu ya kwanza.